UZI: Nilimpeleka mama Fez, mji ambao habari za Kilwa yetu ziliandikwa

Binti Kivinje

Wakuu, habarini.

Uzi huu niliuahidi tangu kabla ya Ramadhani kwa wale mliokuwa mkiniuliza habari za Fez. Nimekawia kwa sababu nilitaka kuandika nikiwa nimetulia, si kudonoadonoa. Ni mrefu, vuta kiti.

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje, kazi iko Dar. Mama yangu anaelekea miaka sabini, magoti yanamsumbua, na safari ya nje aliyowahi kwenda maishani ni Hija peke yake. Mwaka jana nikamchukua, tukakaa siku sita Fez, nchini Morocco. Hatukulala mji mpya. Tulilala ndani ya mji mkongwe wenyewe, unaoitwa Fes el-Bali, kwenye nyumba ya kienyeji yenye ua katikati na mti wa mlimao.

Wengi wakisikia Morocco wanawaza Marrakech. Mimi nilichagua Fez kwa sababu ya Kilwa. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, alipita pwani yetu mwaka 1331. Mombasa alilala usiku mmoja, kisha akafika Kilwa na kumkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani akitoka kuswali Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa.

Kisa hicho hakikuandikwa Kilwa. Kiliandikwa Fez, zaidi ya miaka 20 baadaye, pale Sultani Abu Inan wa Morocco alipomwamuru Ibn Battuta asimulie safari zake na mwandishi Ibn Juzayy aziandike. Kazi ilimalizika Desemba 1355. Sisi watu wa Kilwa tukisema mji wetu ulisifiwa kuwa miongoni mwa miji mizuri duniani, maneno hayo tumeyapata kwa wino wa Fez.

Halafu kuna hili ambalo mama nilipomweleza alinyamaza kwa muda: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mji mkongwe wa Fez nao uliingizwa mwaka huohuo wa 1981. Kwetu ni magofu. Kwao watu bado wanakanda mkate. Nilitaka mama aone jinsi mji wa rika lile unavyokuwa watu wake wakiwa wamebaki ndani.

Naendelea hapo chini.

Mzee wa Gati

Nimekaa mbele kabisa, binti. Endelea.

Binti Kivinje

Kufika: ukishatua Casablanca unapanda treni mpaka Fez, mwendo wa kama saa nne. Kutoka stesheni unachukua teksi ndogo nyekundu. Mwambie akushushe Bab Bou Jeloud au uwanja wa R'cif, kulingana na nyumba yako iko upande gani, maana gari haliingii mji mkongwe. Haliingii kabisa. Mzigo wako unabebwa kwa mkokoteni wa kusukuma au unaubeba mwenyewe.

Bab Bou Jeloud ndilo lango mnaloliona kwenye picha zote. Ukiwa nje ni la buluu, ukishaingia ukageuka nyuma ni la kijani. Watu hudhani ni la kale sana, kumbe lilijengwa 1913, mwaka mmoja baada ya Mkataba wa Fez ulioiweka Morocco chini ya Ufaransa. Vya kale viko ndani.

Mji wenyewe ulianza kama miji miwili iliyotazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto. Idris wa kwanza aliuanzisha mwaka 789 na mwanawe Idris wa pili akauendeleza upande wa pili. Upande mmoja wakaja wakimbizi kutoka Cordoba ya Andalusi (Hispania), upande mwingine familia kutoka Kairouan ya Tunisia. Mpaka leo watu wanataja upande wa Andalusi na upande wa Qarawiyyin.

Kutoka langoni zinashuka njia kuu mbili, Talaa Kebira na Talaa Seghira. Hapa nawapa ufunguo ambao mwenye nyumba yetu alitupa usiku wa kwanza na ukatufaa siku zote sita: mji umekaa kwenye bonde. Ukipotea, fuata mteremko, utafika msikiti mkuu wa Qarawiyyin na R'cif. Ukitaka kurudi Bou Jeloud, panda. Ramani ya simu humo ndani inachanganyikiwa, vichochoro vingine ni vyembamba kiasi kwamba mama alikuwa akigusa kuta zote mbili kwa viganja. Mteremko haudanganyi.

Na sikio lako liwe wazi. Ukisikia "Balak! Balak!" nyuma yako, bana ukutani upesi. Ni nyumbu, yule chotara wa punda na farasi, anakuja na mitungi ya gesi au ngozi mbichi, na hasimami.

Lamu Baharini

Dada, hapo kwa nyumbu umenigusa. Sisi huku Lamu tumezaliwa na punda mlangoni, twajua kubana ukutani. Je, hao nyumbu wao hutunzwa? Huku twayo hospitali ya punda.

Binti Kivinje

Kaka, nao wana yao. Inaitwa American Fondouk, ipo nje kidogo ya kuta, imekuwa ikitibu punda na nyumbu bila malipo tangu miaka ya 1920. Lakini sitakuficha, niliona wengine wana vidonda mgongoni chini ya shogi, na miteremko ile yenye mawe yanayoteleza ni kazi nzito kwa mnyama. Mama alikuwa akimwombea kila aliyepita.

Sasa niwaambie habari ya mkate, kwa sababu ndiyo iliyonipendeza kuliko majengo yote.

Asubuhi ya pili tulitoka mapema kunywa bissara, supu nzito ya baklia zilizosagwa, juu yake mafuta ya zeituni na bizari nyembamba. Tumekaa kwenye kibao, mama kashika bakuli kwa mikono miwili, mara akapita mtoto wa kike wa kama miaka tisa amebeba ubao kichwani, umefunikwa kitambaa. Akaingia mlango mweusi wa masizi hatua chache kutoka tulipo. Mama akasema, "Mfuate tuone anapeleka nini." Tukachungulia. Ni tanuri la mtaa, wanaliita ferran. Ndani kuna mzee mmoja amesimama shimoni usawa wa kiuno, mbele yake mdomo wa tanuri, mkononi ana pao la mti refu kama kasia. Mbao zimejipanga ukutani, kila ubao na mikate yake mibichi ya duara, kila nyumba na yake. Anaitia, anaizungusha, anaitoa, na kila mkate unarudi kwenye ubao uleule uliotoka. Hakuna jina lililoandikwa popote. Nikamwuliza kwa Kiarabu changu cha chuoni anajuaje huu wa nani. Akanyanyua mikate miwili, akatuonyesha alama juu: mmoja una vitobo vitatu vya uma, mwingine una mkato wa kisu. Kisha akamtazama mama, akamwita "Lhajja", akamkatia kipande cha moto. Hakutaka hela.

Kila mtaa wa zamani Fez una tanuri lake, msikiti wake, bomba lake la maji lenye vigae, hamamu yake na chuo chake cha watoto. Ukishavijua hivyo vitano, unaelewa kwa nini mtu anaweza kuishi pale bila gari. Vyote viko umbali wa kutembea na kandambili.

Kipepeo

Mleta uzi, tuambie ukweli kuhusu vishoka. Nimesikia Fez wanakusumbua mpaka unachukia mji.

Binti Kivinje

Ni kweli wapo, na walitupata siku ya kwanza.

Tulikuwa tunatafuta njia ya Qarawiyyin. Kijana nadhifu akatuambia mbele kumefungwa, twende huku. Tukamfuata. Akatuzungusha vichochoro, akatufikisha kwenye duka la ngozi, akampandisha mama ngazi za ghorofa tatu. Juu tukapewa majani ya mnanaa na kusimama baraza linalotazama mabirika ya Chouara, mahali pa kutengeneza ngozi. Kisha likaanza la makoti. Mwenye duka anamvisha mama koti huku mama anahema. Tulipotoka, yule kijana akataka dirham 200 kwa "kuongoza". Mama akamwambia kwa Kiswahili, polepole, akimtazama usoni: "Mwanangu, njia haikuwa imefungwa." Sijui alielewa nini, ila aliinamisha macho, akachukua dirham 20 nilizompa, akaondoka. Mimi niliumia kwa ajili ya magoti ya mama, si kwa hela.

Kwa hiyo: anayekwambia njia imefungwa, mshukuru na uendelee. Ukitaka kuuliza, mwulize mtu aliyekaa dukani kwake, huyo hawezi kuacha duka akufuate. Na kama unataka mtu wa kukuongoza, mwombe mwenye nyumba akutafutie mwenye kitambulisho cha serikali. Siku ya tatu tulichukua mmoja kwa nusu siku, bei tukakubaliana kabla ya kutoka, na tulijifunza mengi.

Chouara yenyewe inafaa kuonwa. Yale mabirika meupe yana chokaa na mavi ya njiwa. Chokaa inang'oa manyoya, mavi ya njiwa yanalainisha ngozi, ndiyo harufu ile inayokufanya uubandike mnanaa puani. Ngozi hukaa humo siku mbili tatu, kisha zinahamia kwenye mabirika ya rangi. Wanaume wanasimama ndani, maji yakiwafika mapajani, wanazikanyaga na kuzigeuza. Ni kazi ya mgongo na miguu. Mama alikumbuka somo la chuoni kwamba ngozi ya mzoga hutwaharika kwa kudabighiwa. Akasema miaka yote ile alikuwa akilijua neno tu, hajawahi kuiona kazi.

Chumvi

Vipi kuhusu ubaguzi? Sisi weusi tunapokewaje? Jibu bila kupamba.

Binti Kivinje

Bila kupamba. Neno la kwanza utakalosikia ni "Senegal?" Kila duka. Hawasemi kwa ubaya. Sheikh Ahmad Tijani, mwanzilishi wa tarika ya Tijaniyya, alifariki Fez mwaka 1815 na kuzikwa kwenye zawiya yake, na watu wa Senegal na Afrika Magharibi kwa jumla wanakwenda kumzuru tangu zamani. Pale zawiyani tulikuta akina mama wa Kisenegali wamevaa vitenge vikubwa, wakamkalisha mama katikati yao, hawana lugha moja ya pamoja isipokuwa dhikri. Walikaa hivyo mpaka adhana ya alasiri.

Lakini pia jioni moja mtoto wa kiume alitupigia kelele neno baya la rangi ya ngozi. Muuza tende aliyekuwa karibu akatoka nje, akamkemea mbele za watu, akaja kutuomba radhi. Yote mawili yalitokea, nayaandika yote mawili.

Mwalimu wa Historia

Dada, nina maswali mawili. La kwanza, mliingia Qarawiyyin? La pili, mimi ni Mkristo, nikienda nitaona nini au nitaishia kuchungulia?

Binti Kivinje

Mwalimu, nianze na la pili. Misikiti ya Morocco kwa kawaida haifunguliwi kwa wasio Waislamu, kwa hiyo Qarawiyyin utaiona ukiwa mlangoni, na milango ikiwa wazi ua wote unaonekana, pamoja na vigae na chemchemi. Madrasa ndizo za kwako. Bou Inania aliijenga Abu Inan yuleyule aliyeamuru safari za Ibn Battuta ziandikwe. Ujenzi ulianza 1350 ukachukua kama miaka mitano, maana yake wakati Kilwa inasimuliwa, jengo lile lilikuwa linamaliziwa. Sisi tulilipa dirham 20 kila mmoja. Usikose pia al-Attarine, ya mwaka 1325, ndogo lakini kuta zake zina kazi ya mkono ambayo ukisogea karibu unaona kila kigae kimekatwa peke yake. Kuna fonduku ya Nejjarine, nyumba ya wageni ya wafanyabiashara wa zamani, sasa ni makumbusho ya kazi za mbao. Na ukitoka kwenda Fes el-Jdid, mji "mpya" wa mwaka 1276, utakuta Mellah, mtaa wa Wayahudi, na sinagogi ya Ibn Danan iliyokarabatiwa.

Sasa la kwanza. Ndiyo, tuliingia.

Qarawiyyin inahesabiwa tangu mwaka 859, na kwa mapokeo ya watu wa Fez aliyeijenga ni mwanamke, Fatima al-Fihri, binti wa familia iliyotoka Kairouan, kwa mali aliyorithi. Ikakua msikiti, ikakua chuo, na wengi huitaja kuwa chuo kikuu cha zamani kuliko vyote ambacho bado kinafundisha. Mama hakuwa akilijua hilo la mwanamke. Nilimwambia tukiwa tunatawadha, akarudia jina mara mbili.

Tulikwenda Magharibi. Kuna sehemu ya wanawake, mazulia mekundu na matao meupe yanayofuatana mpaka macho yanachoka. Imamu akaanza Fatiha, na mimi nikasubiri bismillah. Haikuja. Alianza moja kwa moja na alhamdulillahi, maana wao ni Wamaliki, hawaidhihirishi. Akafika kwenye aya ya nne, akasoma "maliki" kwa kufupisha, si "maaliki" kama tunavyovuta sisi. Hiyo ni riwaya ya Warsh, namna yao ya kuisoma Kurani. Baadhi ya akina mama pembeni yangu mikono imeshuka ubavuni, wengine wameifunga kama sisi. Mwisho imamu akatoa salamu moja tu. Nilimwona mama bado anasubiri ya pili, kisha akaitoa mwenyewe taratibu.

Baadaye wanaume wakabaki wameketi, wakaanza kusoma hizbu, yaani fungu la Kurani, kwa sauti moja, haraka, wote kwa pamoja, hakuna anayetangulia. Hapo mama akashika mkono wangu. Yeye amelelewa na nyiradi za pamoja baada ya Magharibi, Kivinje, kwa babu yake, na miaka hii mtaani kwetu zimepungua. Tulikaa mpaka walipomaliza.

Mzee wa Gati

Ahsante kwa hilo. Nimemkumbuka marehemu baba. Mlinunua nini?

Binti Kivinje

Shikamoo mzee wangu. Tulinunua kitu kimoja.

Ukitoka Qarawiyyin, nyuma ya maktaba yake, kuna uwanja mdogo unaitwa Seffarine, una mti mmoja mkubwa. Ni wafua shaba. Unausikia kabla hujauona: nyundo nyingi, kila moja na sauti yake. Seffarine ni "wafanyakazi wa sufr", yaani shaba ya manjano na vyombo vyake, na hapohapo ndipo lilipotoka neno letu sufuria. Nilipomwambia mama akamwendea fundi mmoja aliyekuwa amelipakata karai kubwa la harusi, akaligusa, akasema, "Sufuria." Fundi akacheka, akajibu "seffar, seffar," akijigonga kifuani.

Alikuwa anaziba mkunjo wa ukingo. Anapiga mara tatu, anageuza kidogo kwa goti, anapiga mara tatu. Hatazami nyundo, anatazama mwanga unavyokimbia juu ya shaba, pale unapokatika ndipo anapopiga. Tulimwangalia labda nusu saa, hakutushawishi tununue kitu. Mama ndiye aliyeonyesha kibakuli kidogo cha kutawadhia. Fundi akasema dirham 400, tukamaliza kwa 250. Alikifunga kwenye gazeti, kisha akakifungua tena akaongeza mapigo machache chini kwa sababu kilikuwa kinayumba.

Lamu Baharini

Nyumba zao zikoje? Huku kwetu nyumba za kale zaanguka, wenyewe wamehamia mbali.

Binti Kivinje

Kaka, nao wana ugonjwa huohuo. Vichochoro vingi utapita chini ya magogo yaliyowekwa kuzuia nyumba mbili zisiangukiane. Wafaransa walipokuja walijenga mji wao pembeni, matajiri wa Fez wakahamia huko au Casablanca, na nyumba kubwa zikagawanywa vyumba kwa familia nyingi zilizotoka mashamba. Ukarabati upo, nyingine wameziokoa vizuri kabisa, mafundi wa vigae na plasta wamepata kazi na wanafundisha vijana. Nyingine zimegeuzwa nyumba za wageni, na sisi wenyewe tulilala kwenye mojawapo. Mwenye nyumba alitwambia kila jirani akiuza, tanuri la mtaa linapoteza ubao mmoja.

Zanzibar sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilipoporomoka Desemba 2020, mimi nililia. Kwa hiyo magogo yale ya Fez sikuyaona kama uchafu. Mtu ameshikilia nyumba isianguke mpaka apate hela.

Mwalimu wa Historia

Na mama? Alisema nini baada ya kurudi?

Binti Kivinje

Mwalimu, mama si mtu wa kusema sana. Wiki mbili baada ya kurudi alinipigia, akaniambia nije Ijumaa, anataka kwenda Kisiwani. Mara ya mwisho alikuwa amekwenda akiwa msichana. Tukapanda mashua Kilwa Masoko.

Akatembea taratibu mpaka msikiti mkuu, ule ambao al-Hasan bin Sulaiman aliupanua. Akakaa chini ya kuba zilizobaki, akatoa kile kibakuli kwenye mkoba, akatawadha kwa maji aliyoyabeba, akaswali rakaa mbili. Mimi nilikaa nje na mlinzi.

Tukirudi ufukweni, tukipita kijijini, kulikuwa na mwanamke kibarazani anapika vitumbua, amebakiza kama kumi na vitano kwenye sinia. Mama akasimama, akamwuliza anakaa hapa tangu lini. Akajibu amezaliwa hapahapa, na mama yake, na bibi yake. Mama akanunua vyote vilivyobaki, akampa nahodha viwili, akala kimoja papo hapo kikiwa cha moto.

Picha nitaweka kesho nikiwa na mtandao mzuri. Mwenye swali la malazi au treni aniulize hapahapa.